Ng' Iliyowageuza Akina Mama Kuwa Wadaiwa: Historia Fupi ya Rejeksi, Kutokea Mukendo

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Musoma, na nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Mama yangu mdogo ni mweka hazina wa kikoba kimoja pale Mukendo. Ni kikoba cha akina mama: kuna wenye maduka, kuna mama lishe, na wengine wananunua dagaa Mwigobero asubuhi na kuuza mjini. Mwisho wa mwaka kikoba kinavunjwa, watu wanagawana, na kila mtu anapata kulingana na michango yake. Mama mdogo akaniambia, "Wewe si unasoma mambo ya kompyuta? Nisaidie hizi hesabu, macho yangu yamechoka."

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Wanaochangia taslimu mkutanoni wanaandikwa daftarini. Wanaotuma kwa simu, ujumbe unaingia kwenye simu ya mama mdogo au ya katibu. Mistari ya ujumbe ilikuwa 611. Nani akae kuisoma mmoja mmoja? Nikaandika skripti fupi ya kuchomoa jina na kiasi kutoka kila mstari, nikajumlisha, nikachapa orodha. Dakika arobaini, kazi imekwisha. Nikajiona fundi.

Siku ya mkutano, orodha ikasomwa. Akina mama watatu wakatajwa kuwa wana madeni makubwa. Mmoja wao, mtu mzima ambaye tangu nikiwa mdogo namwita bibi, akasimama taratibu. Akafungua simu yake, akaonyesha ujumbe wa kutuma pesa, mmoja baada ya mwingine, wiki baada ya wiki. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, hiyo kompyuta yako mimi haikunioni?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, na itabidi tuanzie mbali kidogo.

Rejeksi ni nini hasa?

Ujumbe wa pesa unafanana na mwingine kama mihogo ya shamba moja. Jina linabadilika, kiasi kinabadilika, maneno mengine yanabaki yaleyale. Kwa mfano (nimebadilisha maneno kidogo):

Umepokea TSh20,000 kutoka kwa (JINA). Salio lako ni TSh345,000.

Badala ya kuiambia kompyuta itafute neno fulani, unaielezea umbo la kile unachotaka. Umbo hilo tunaliita ruwaza, na lugha ya kuandikia ruwaza hizo watengeneza programu wanaiita rejeksi. Niliandika hivi:

Umepokea TSh([0-9,]+) kutoka kwa ([A-Z ]+)\.

Maana yake: tafuta "Umepokea TSh", kisha tarakimu au mkato, moja au zaidi, kisha "kutoka kwa", kisha herufi kubwa kati ya A na Z au nafasi, moja au zaidi, halafu nukta. Kilichomo ndani ya mabano nitolee pembeni. Mabano ya kwanza yananipa kiasi, ya pili yananipa jina.

Angalia vizuri hayo mabano ya pili. Kosa limo humo. Lakini kwanza tuone lugha hii ya ajabu imetoka wapi, maana haikuzaliwa kwenye maandishi wala kwenye hesabu za pesa. Ilizaliwa kwenye ubongo.

1943: wawili waliotaka kuelewa ubongo

Mwaka 1943, mwaka ambao Julius Nyerere wa Butiama alianza masomo Makerere, kijana mwingine wa umri wake alikuwa Marekani akichapisha makala. Aliitwa Walter Pitts, mzaliwa wa 1923, mdogo wa Mwalimu kwa mwaka mmoja. Alishirikiana na daktari wa mambo ya neva, Warren McCulloch. Swali lao lilikuwa hili: tukiichukulia seli ya ubongo kama swichi ndogo, inayowaka au kuzima kutegemea seli zinazoipelekea habari, je, mtandao wa swichi hizo unaweza kufanya mantiki? Wakaonyesha kwamba unaweza.

Miaka minane baadaye, kiangazi cha 1951, mtaalamu wa hisabati Stephen Kleene alikuwa katika taasisi ya RAND, Santa Monica, California. Akaisoma kazi ile na kuuliza swali la kinyume: mitandao ya aina hii inaweza kutambua mifuatano gani ya matukio, na ipi haiiwezi? Kuijibu akahitaji lugha ya kuielezea mifuatano hiyo. Akaiunda kwa vitu vitatu tu.

Cha kwanza ni *kufuatana*: hiki, kisha kile. Cha pili ni *au*: hiki au kile. Cha tatu ni *kurudia*: hiki, mara sifuri, mara moja, au mara nyingi utakavyo. Hiki cha tatu tunakiandika kwa alama ya nyota, na mpaka leo kinaitwa nyota ya Kleene.

Ni vitu vitatu tu, lakini Kleene alithibitisha jambo zito. Chochote unachoweza kukielezea kwa vitu hivyo vitatu kinaweza kutambuliwa na mashine yenye idadi maalumu ya hali. Na chochote ambacho mashine ya namna hiyo inaweza kukitambua, unaweza kukielezea kwa vitu hivyo vitatu. Lugha na mashine ni pande mbili za shilingi moja.

Mashine hiyo ifikirie kama njia ya daladala. Kuna kituo cha kuanzia, vituo vya njiani, na kituo cha mwisho. Kila herufi unayoisoma inakusogeza kituo kimoja au inakushusha njiani. Ukimaliza herufi ukiwa kituo cha mwisho, neno limekubalika. Mashine haina daftari la kuandikia. Inachokumbuka ni kitu kimoja tu: sasa hivi nipo kituo gani.

Kazi ya Kleene ilichapishwa 1956. Mifuatano ile akaiita "ya kawaida", na mwenyewe hakulipenda sana jina hilo. Aliandika kwamba angefurahi mtu akipendekeza jina linaloeleza vizuri zaidi. Hakuna lililoshika, basi likabaki hilohilo.

1968 na 1973: ng'ombe aliyepotea kwenye njia panda

Kwa zaidi ya miaka kumi jambo hili lilibaki la wanahisabati. Aliyelileta kwenye maandishi ni Ken Thompson, ambaye Juni 1968 alichapisha makala fupi kuhusu jinsi ya kutafuta maneno kwa kutumia ruwaza za Kleene. Programu yake iliigeuza ruwaza kuwa maelekezo ya moja kwa moja ya kompyuta ya IBM 7094.

Uzuri wa njia ya Thompson ni huu. Kwetu Mara, ng'ombe akipotea na mkafika njia panda, kuna namna mbili za kutafuta. Namna ya kwanza: unatuma kijana mmoja. Anaingia njia ya kushoto mpaka mwisho, asipomwona anarudi, anaingia ya kulia. Kama kila njia ina njia panda nyingine mbele, kijana atatembea mpaka jua lizame. Namna ya pili: mko wengi, kila njia anaingia mtu, wote wanasonga hatua moja moja kwa pamoja, na wawili wakikutana mahali pamoja, mmoja anapumzika. Thompson alitumia namna ya pili. Maandishi yanasomwa mara moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kurudi nyuma.

Mwaka 1973 ikatoka programu ambayo bado ipo kwenye karibu kila kompyuta ya Linux: grep. Brian Kernighan, aliyekuwa nao pale Bell Labs, anasimulia kwamba mwenzao Lee McMahon alikuwa anachunguza makala za The Federalist. Hizo ni makala 85 zilizotolewa Marekani 1787 na 1788, chini ya jina moja la bandia, zikitetea katiba mpya. Waandishi walikuwa watatu, na makala kadhaa zimegombaniwa kwa muda mrefu: ni za Hamilton au za Madison? McMahon alitaka kuzichunguza kwa maneno yaliyotumika, lakini faili lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa kihariri chao, ed. Thompson akakichomoa kipande cha kutafuta ndani ya ed, akakifanya programu inayojitegemea. Jina lake ni amri ileile ya ed, *g/re/p*: pita faili zima, tafuta ruwaza, chapa mstari.

Swali lao lilikuwa nani aliandika nini. La kwangu Mukendo lilikuwa nani alilipa nini. Zana ni ileile.

Baada ya hapo mambo yakaenda kasi. McMahon akaandika sed, ya kubadilisha maandishi kwa ruwaza. Mwaka 1977 Aho, Weinberger na Kernighan wakaunda awk, ambayo jina lake ni herufi za kwanza za majina yao. Mwaka 1987 Larry Wall, mtu aliyesomea isimu, akatoa Perl, lugha ambayo rejeksi zimo ndani yake kama chumvi kwenye mboga. Leo Python, JavaScript na nyinginezo nyingi zinatumia rejeksi zinazofuata mtindo wa Perl.

Na kwetu? Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kisha 1974, mwaka mmoja tu baada ya grep, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo wakati wenzetu wanacheza na awk, sisi tulikuwa tunajumlisha kwa kalamu. Ndiyo maana sehemu inayofuata ya historia hii, ambayo ni ya Kiswahili, haianzii Dar es Salaam. Inaanzia Helsinki.

1985: Kiswahili kinaingia kwenye mashine

Jaribu kuandika ruwaza ya kukamata vitenzi vya Kiswahili. Kitenzi chetu kimepangwa kama mabehewa ya treni: kiambishi cha nafsi, kiambishi cha wakati, kisha mzizi na wenzake. Basi:

^(ni|u|a|tu|m|wa)(na|li|ta|me)[a-z]+$

Alama ^ ni mwanzo wa neno, $ ni mwisho, na mstari uliosimama ni ule "au" wa Kleene. Ruwaza hii inakamata *nitaleta*, *alitoa*, *tumelipa*, *wanadaiwa*. Tamu kweli!

Sasa ipe gazeti zima uone. Itakuletea *walimu*, ikidhani ni wa-li-mu. Itakuletea *umeme*, *utawala*, *utamaduni* na *unafiki*. Itakuletea *mlima*, *mtama* na *mtaa*. Ukiwa umegeuza herufi zote kuwa ndogo, itakuletea pia *watanzania*, wa-ta-nzania, kana kwamba kuna kitenzi "kunzania" na siku moja wote watakinzania. Na *hawadaiwi* hutaliona kabisa, maana kikanushi ha- hukukitaja. Ruwaza inamwona anayedaiwa na haimwoni asiyedaiwa. Laiti ningelikumbuka hilo mapema.

Hapa ndipo alipoingia Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza mwaka 1985 kuunda programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili. Kwa nini Finland? Kwa sababu Kifini nacho kina maneno marefu yenye viambishi vingi, na mwaka 1983 Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi, alikuwa ametoa mbinu iitwayo mofolojia ya ngazi mbili. Ngazi ya juu ni neno lilivyo kiundani, ngazi ya chini ni lilivyoandikwa. Juu unaweka *ki-angu*, chini unapata *changu*. Juu *vi-angu*, chini *vyangu*. Kanuni zinazounganisha ngazi hizo mbili ni ruwaza, na kila ruwaza inageuzwa kuwa mashine ya vituo ya Kleene, ila hii inasoma herufi mbili kwa mpigo, moja ya juu na moja ya chini.

Tofauti na ruwaza yangu ya mstari mmoja, mfumo wa Hurskainen una kamusi ndani yake. Unajua kwamba *-lipa* ni mzizi wa kitenzi na *-nzania* si mzizi. Kazi hiyo ilikua ikawa mfumo unaoitwa SALAMA, na chuo hicho pia kikajenga hazina ya maandishi ya Kiswahili yenye mamilioni ya maneno, ambayo wanaisimu wanaitumia mpaka leo. Yaani ile hesabu ya seli za ubongo ya 1943 ilizunguka dunia ikaja kuchambua *tumelipa* yetu.

Mashine isiyo na kumbukumbu, na akina mama walionaswa

Tulisema mashine ya Kleene haina daftari. Hilo lina matokeo. Kiswahili kinapenda kurudufu maneno: *polepole*, *sawasawa*, *mbalimbali*, *harakaharaka*. Kulitambua neno lolote lililorudiwa, refu kiasi chochote, lazima ukumbuke nusu ya kwanza ili uilinganishe na ya pili. Mashine yenye idadi maalumu ya vituo haiwezi, maana neno laweza kuwa refu kuliko vituo vyake.

Wataalamu wa Unix hawakukubali kushindwa. Wakaongeza alama ya kurejea kilichokwisha kukamatwa:

^(.+)\1$

Yaani kamata kitu chochote, kisha kitu kilekile tena. Inafanya kazi: *polepole* imo, *mbalimbali* imo. Wamo pia *mama*, *baba*, *dada* na *kaka*, familia nzima.

Lakini nguvu hiyo ina gharama. Ili kuziruhusu alama za namna hii, injini nyingi za kisasa ziliiacha njia ya Thompson, zikarudi kwenye ile ya kijana mmoja anayeingia kila njia panda na kurudi. Mara nyingi hutaona tofauti. Ila siku ruwaza ikiandikwa vibaya, njia panda zinazaa njia panda. Tarehe 2 Julai 2019 kampuni ya Cloudflare, ambayo tovuti nyingi sana duniani zinapitia kwake, iliweka ruwaza moja mpya ya ulinzi. Ruwaza hiyo ilikuwa na nyota zilizofuatana vibaya, kompyuta zao zikabaki zinazunguka kwenye njia panda, na kwa takribani dakika 27 tovuti nyingi zikawa hazifunguki. Kosa la mstari mmoja.

Hilo ni kosa lenye kelele, dunia nzima inalisikia. La kwangu lilikuwa la kimya, na nadhani la kimya ni baya zaidi.

Turudi Mukendo: alama moja juu ya herufi

Usiku ule baada ya mkutano sikulala. Nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo: nikahesabu mistari iliyoingia na mistari iliyotoka. Imeingia 611. Imetoka 540. Mistari 71 imeyeyuka. Skripti haikulalamika, kwa sababu rejeksi haina kawaida ya kulalamika. Kinachofanana na ruwaza inakileta, kisichofanana inakiruka na kuendelea na safari.

Grep ina kitufe chake, -v, kinachogeuza swali: nionyeshe mistari *isiyofanana*. Nikakitumia. Mistari 71 ikajipanga mbele yangu, na sababu nikaiona hata kabla sijaisoma yote. Majina ya wale akina mama watatu yote yalikuwa na ng'.

Ukikaa Musoma, majina yenye ng' ni ya kawaida sana, yawe ya Kijaluo kutoka Rorya, ya Kisukuma kutoka ng'ambo ya Bunda, au ya majirani wengine. Akina Nyang'oro, akina Ng'wandu, akina Ong'ondo. Ruwaza yangu ilisema jina ni *herufi A hadi Z na nafasi*. Ile alama juu ya ng' si herufi kati ya A na Z. Mashine ikafika hapo, ikakosa njia ya kusonga, ikamshusha abiria. Michango yao ya taslimu iliyokuwa daftarini ilihesabika, ile ya simu ikapotea. Ndiyo maana walionekana wamelipa nusunusu, kama watu wazembe. Wangekuwa hawana hata mchango mmoja, labda ningeshtuka.

Lakini alama ile inatoka wapi? Kiswahili kina sauti mbili tofauti: ya *ngoma* na ya *ng'ombe*. Alfabeti ya Kilatini haina herufi ya sauti ya pili. Walioandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini wakaazima alama ya uakifishi wakaichomeka katikati ya neno, na tahajia iliyosanifishwa chini ya Kamati ya Lugha iliyoanzishwa 1930 ikaendelea nayo. Kwa msomaji wa Kiswahili hiyo si alama ya pembeni. Ni sehemu ya herufi.

Kompyuta haikuambiwa hivyo. ASCII, orodha ya alama iliyotolewa Marekani 1963, ilikuwa na nafasi 128 tu, na alama hii ilipewa namba 39, kwenye kundi la uakifishi. Kwenye Perl na ndugu zake kuna kifupisho *\w*, kinachomaanisha "herufi ya neno". Alama yetu haimo. Ukiiambia programu ihesabu maneno kwa kifupisho hicho, *ng'ombe* anakatwa vipande viwili, *ng* na *ombe*. Mkoa mzima wa wafugaji, hakuna ng'ombe hata mmoja! Vivyo hivyo *king'amuzi*, *ng'ambo*, *kung'ara*. Jirani zetu Kenya wanaoandika Gĩkũyũ wana shida inayofanana: ĩ na ũ hazimo kati ya a na z, kwa hiyo *[a-z]* inawakata hivyohivyo.

Nikajisemea, dawa ni rahisi. Nikaongeza alama ndani ya mabano: *[A-Z' ]+*. Nikaendesha skripti. Mistari 48 ikarudi. Ishirini na mitatu bado haipo, na yote ni ya yule bibi.

Nilitazama jina lake kwenye skrini, nikalitazama kwenye ruwaza. Yaleyale. Ilinichukua muda kugundua kwamba si yaleyale. Bibi alikuwa anatuma kwa simu ya katibu, na katibu aliuandika ujumbe upya kwenye kompyuta ya stesheni. Programu ya kuandikia barua ikajitia ustaarabu, ikaigeuza alama iliyonyooka ' kuwa iliyopinda ’. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni vitu viwili: cha kwanza ni namba 39, cha pili ni U+2019 kwenye Yunikodi, orodha kubwa iliyoanza kutolewa 1991 ili kila maandishi ya dunia yapate nafasi. Tena Yunikodi ina ya tatu, U+02BC, inayofanana kabisa na hiyo iliyopinda, lakini yenyewe imesajiliwa kama *herufi*, si uakifishi. Kwa kanuni hiyo ndiyo ingefaa zaidi kwa ng' yetu. Ila haipo kwenye kibodi ya mtu yeyote ninayemfahamu Mukendo.

Ningeweza kuongeza alama zote tatu ndani ya mabano. Kisha aje mtu mwenye kistari kwenye jina, niongeze kistari. Kisha mwenye herufi ya Kifaransa kutoka Bukavu. Mwisho nikaona ninachokifanya: ninaandika sheria ya majina ya watu yanavyotakiwa kuwa, halafu anayeivunja ninamfuta. Wakati mimi shida yangu haikuwa majina. Nilitaka tu kujua jina linaanzia wapi na linaishia wapi. Kwa hiyo:

Umepokea TSh([0-9,]+) kutoka kwa ([^.]+)\.

Alama *[^.]+* maana yake "chochote kisicho nukta". Anza baada ya "kutoka kwa", beba kila kilichopo mpaka ufike kwenye nukta. Jina liweje, hilo si juu yangu. Mistari 611 ikaingia, 611 ikatoka.

Mambo matatu ya kuondoka nayo

Kama una daftari la kikoba, matokeo ya utafiti wa dodoso, au orodha ya wagonjwa unayotaka kuichambua kwa skripti, nakuomba ukumbuke haya.

Moja, hesabu kilichoingia na kilichotoka kabla hujaamini jumla yoyote. Ni mstari mmoja wa amri.

Mbili, soma kwa macho yako kilichoachwa. Tumia grep -v. Mabaki ndiyo yanayokuambia ruwaza yako inadhani nini kuhusu dunia. Kwenye daftari la katibu, mabaki yalinionyesha pia kwamba shilingi elfu tano inaandikwa "5,000/=", "5000/-", "5,000" na wakati mwingine "elfu tano", na mimi nilikuwa nimetarajia moja tu.

Tatu, elezea mipaka ya unachokitafuta, usielezee watu. Kleene alitupa lugha ya kusema umbo la kitu kwa uhakika kamili. Uhakika huo ni wa ruwaza tu. Kama umbo ulilolisema silo, mashine itakutii kwa uaminifu mpaka mwisho.

Kikoba kilikutana tena Jumapili iliyofuata. Mama mdogo alitaka kuwaeleza mwenyewe kuwa kulikuwa na "tatizo la kompyuta". Nikamwambia hapana, kompyuta haina kosa, nisimame mimi. Nikasimama, nikawaomba radhi wale akina mama watatu mbele ya wote, nikawaeleza habari ya ng'. Wakacheka, hata bibi. Kisha akasema orodha isomwe upya kuanzia jina la kwanza, jina zima, tena kwa sauti, ili kila mmoja asikie la kwake.

Ikasomwa. Yeye hakuwa anadaiwa hata shilingi.